Jeti ya injini moja: kwanini watu wanainunua wakati taboprop inaipita mbio?

Swali la leo limetoka kwa kaka mmoja yuko Dallas, mzaliwa wa Moshi, ana kampuni ya kuhudumia wazee majumbani na ofisi zake ziko Dallas, Houston na Atlanta. Leseni anayo, ruhusa ya kuruka mawinguni kwa vyombo anayo, masaa 640 kwenye logibuku, anarusha Cirrus SR22 yake ya mwaka 2014, ndege ndogo ya propela yenye injini moja ya pistoni. Ameandika marefu ila kiini ni hiki: "Kila nikienda kwenye maonyesho naona foleni kwenye ile jeti ndogo ya injini moja. Nikisoma namba naona taboprop inakwenda kasi zaidi, inabeba zaidi na inakula mafuta kidogo. Sasa hawa wanaonunua jeti wanaona nini ambacho mimi sikioni? Je na mimi niingie? Na nikirudi nyumbani siku moja itanifaa?"

Haya kaka, karibu. Kwanza nikwambie namba umezisoma vizuri kabisa, hujakosea, tatizo ni kwamba umezisoma kama mhandisi na ndege hizi hazinunuliwi na wahandisi.

Tuzitaje ili wengine nao watufuate. Taboprop ni ndege yenye injini ya tabaini, ndugu wa injini ya jeti, ila inazungusha propela. Tunapozungumzia jeti ya injini moja ya mtu binafsi kwa leo tunazungumzia ndege moja tu, Cirrus Vision SF50, wengi tunaiita Vision Jet, maana ndiyo pekee iliyopata cheti cha FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, na ikauzwa kwa mamia. Kasi yake ya juu ni noti 311, yaani maili za baharini 311 kwa saa, kama kilomita 575 hivi (maili zote ntakazotaja ni hizo za baharini). Sasa chukua Piper M700 Fury, ina propela moja pale mbele, inakupa noti 301, iko nyuma kidogo tu. Chukua TBM 960 ya Wafaransa, noti 330, na inaweza kwenda zaidi ya maili 1,700 bila kutua wakati Vision Jet ukiibembeleza sana na kuipakia kidogo inafika maili 1,200 na ushee. Kwahiyo ndio, propela inaishinda jeti, na si siri, kila muuzaji anajua.

Sababu yake ni fizikia tu. Injini ya jeti inapenda kukaa juu sana ambako hewa ni nyepesi na baridi, ukiiweka chini inakunywa mafuta kama basi linalopanda Kitonga na abiria wamesimama mpaka mlangoni. Jeti za injini mbili kama Phenom 100 au Citation M2 zinapanda mpaka futi 41,000 na huko ndio zinapumua. Vision Jet ya kwanza iliishia futi 28,000, toleo la pili, ile G2 ya 2019, wakaipandisha mpaka 31,000, basi. Yaani ni jeti inayoishi ghorofa ya kati, juu ya mvua nyingi lakini chini ya pale injini yake inapofurahia. Halafu ukikaribia uwanja wenye shughuli nyingi waongoza ndege wanakushusha mapema, uko futi 10,000 bado maili 60 kufika, na pale mshale wa mafuta unautazama kwa jicho la huruma. Taboprop hapo haina wasiwasi.

Sasa kwanini inauzwa? Na inauzwa kweli, si porojo, miaka ya karibuni Cirrus wanatoa karibu 100 kwa mwaka na ukihesabu kwa idadi ya ndege tu, sio kwa dola, ndiyo jeti inayotoka kiwandani kwa wingi kuliko jeti zingine za watu binafsi na makampuni. Ya 500 waliikabidhi 2023.

Jibu la kwanza ni la kawaida mpaka watu wanalisahau: bei. Watu wanailinganisha na TBM kama vile ziko rafu moja dukani, haziko. Vision Jet ilianza kuuzwa chini kidogo ya dola milioni 2, leo imevuka milioni 3. TBM mpya inaanzia juu ya milioni 4 na nusu. M700 nayo imevuka 4. Kwahiyo mtu mwenye milioni 3 na kidogo mkononi anayetaka kitu kipya cha tabaini, chenye kebini iliyojazwa hewa, chenye garantii, hana chaguo nyingi. Jeti ndiyo ya bei rahisi! Hapo watu wengi hushangaa maana kichwani mwetu jeti lazima iwe ghali kuliko chenye propela.

Na hili halikutokea kwa bahati. Wale ndugu wawili walioanzisha Cirrus, Alan na Dale Klapmeier, walipoanza kuitangaza walisema wazi kwamba wanataka jeti ya polepole kuliko zote, inayoruka chini kuliko zote na ya bei ya chini kuliko zote. Fikiria hapo, mfanyabiashara anakwambia bidhaa yangu ni ya mwisho darasani halafu watu wanapanga foleni kuweka amana. Wenzao wakati ule walikuwa wanashindana kwa noti na futi. Cirrus wao walikuwa wanamwangalia mtu mmoja tu, mteja wao mwenyewe, yule wa SR22. Yaani wewe kaka.

Angalia ngazi ilivyojengwa. Umejifunza kwenye SR20, ukanunua SR22, umeizoea ile fimbo ya pembeni, umezoea skrini za Garmin, umezoea mpini mwekundu wa parashuti juu ya kichwa, mekanika wako unamjua. Siku unaingia kwenye Vision Jet unakaa, unaangalia, fimbo iko palepale, skrini ni za ukoo uleule, mpini uko palepale, na injini ina lever moja tu, unaisukuma mbele kompyuta inafanya mengine yote. Hamna lever ya propela wala ya kuchanganya mafuta na hewa, hamna kukodolea macho joto la injini wakati wa kuwasha kama kwenye taboprop za zamani ambapo ukizembea sekunde chache unaweza ukachoma injini ya pesa ndefu. Mi nimefundisha watu wa SR22 kuhamia kwenye taboprop na nimewafundisha kuhamia kwenye hii jeti, na nakwambia kweli wanaohamia kwenye jeti wiki ya kwanza wanatabasamu, wale wa taboprop wanatabasamu wiki ya tatu.

Halafu kuna suala la leseni ambalo watu wa nje hawalijui. Hapa Marekani jeti yoyote, hata iwe ndogo kama bajaji, lazima uwe na ruhusa ya aina hiyo ya ndege, wenyewe tunaita taipu-reitingi, na mtihani wake unapimwa kwa viwango vilevile vya marubani wa mashirika. TBM haidai hiyo kwa sheria kwa kuwa ni nyepesi na haina jeti (watu wa bima ndio watakaodai mafunzo, na watadai kweli). Ungefikiri hilo lingewakimbiza wateja. Kumbe linawavuta. Mtu kafanya biashara miaka 25, ana hela, ana cheo, lakini kwenye anga bado ni rubani wa ndege ya pistoni, sasa anakwenda Knoxville, Tennessee, anakaa darasani na kwenye simuleta siku kadhaa, anatoka na karatasi inayosema anaruhusiwa kuamuru jeti. Usiicheke hiyo karatasi. Na kizuri zaidi kwake, kwa kuwa injini ni moja hahitaji leseni ya injini mbili. Yule anayetaka Phenom au M2 lazima kwanza ajifunze kuongoza ndege iliyopoteza injini upande mmoja inamvuta pembeni wakati bado anapaa, na huo ndio mtihani unaoogopesha mwenye ndege anayeruka masaa 120 kwa mwaka. Injini moja ikizima ndege inanyooka, unakuwa na tatizo moja tu, ni kubwa lakini ni moja.

Ila sasa nije kwenye lile ambalo kwa maoni yangu ndilo linalouza kuliko yote, na ndilo ambalo wewe hukuliandika kwenye barua yako hata kwa mstari mmoja. Shemeji.

Hujaniambia mkeo anasemaje kuhusu SR22. Ntabahatisha: anapanda kwa sababu anakupenda, hapendi kelele, hapendi kuvaa kile kibomba cha oksijeni puani mkipanda juu kukwepa mawingu, na anapoona wewe ndiye rubani peke yako anajiuliza kimoyomoyo "huyu akipata presha hapa juu mimi na watoto inakuaje?" Wake za marubani hawawaambii waume zao, wanatuambia sisi wakufunzi. Nimekaa kwenye demo nyingi tu za kuuza ndege na mara nyingi mume anauliza kasi, mke anauliza swali hilohilo moja.

Na hapo ndipo Cirrus walipowapiga wenzao bao. Parashuti walikuwa nayo tangu SR20 mwisho wa miaka ya 1990, na haikutoka hewani hivi hivi, Alan Klapmeier mwenyewe miaka ya 1980 alikuwa kwenye ndege iliyogongana na nyingine angani, yeye akafanikiwa kutua, yule rubani mwingine akafa. Kwenye jeti wakaiweka puani, na ukivuta mpini kompyuta kwanza inaipunguza mwendo ndege mpaka kasi inayofaa ndipo inaifungua. Halafu 2020 wakaongeza kitufe kwenye dari ambacho abiria yeyote anaweza kukibonyeza, wanakiita Safe Return, ni mfumo wa Garmin. Ukibonyeza ndege inachagua uwanja yenyewe ikiangalia hali ya hewa na mafuta, inaongea redioni kuwatahadharisha watu, inashuka, inatoa magurudumu, inatua, inafunga breki, inazima injini. Muuzaji akishamuonyesha mama kile kitufe, mazungumzo ya noti 311 na noti 330 yamekwisha. Mume anaweza akaendelea kusoma namba zake kwenye brosha, uamuzi umeshafanyika kiti cha nyuma.

Najua utaniambia mfumo huohuo wa kutua wenyewe uko pia kwenye TBM na Piper, kweli, uko, tena ulianza huko Piper mwaka huohuo 2020. Lakini hawana parashuti, na wana propela. Watu wa kawaida kaka wanaona propela wanaona "kindege". Wanaona bomba la jeti wanaona ndege ya maana, ndivyo macho ya watu yalivyo. Ongeza madirisha makubwa yale, ongeza utulivu wa ndani, hamna ule mtetemo. Mtoto analala.

Sitaki uone naipigia debe, kwahiyo tuseme na ya parashuti yote. Si hirizi. Septemba 2022 karibu na Kissimmee, Florida, Vision Jet ilivutiwa parashuti ndani ya hali mbaya ya hewa, wote watatu walitoka hai lakini waliumia. Na mapema 2019 FAA walizisimamisha ndege zote za aina hii kwa amri ya dharura kwa sababu kile kipimo kinachosoma pembe ya bawa dhidi ya upepo kilikuwa kinadanganya, skrubu ndogo mbili hazikukazwa inavyotakiwa, basi ndege ikadhani inaishiwa nguvu ya kuelea ikaanza kusukuma pua chini yenyewe wakati iko sawa kabisa. Wakabadilisha vipimo, zikarudi angani. Hamna aliyekufa kwenye hiyo. Lakini ujue unanunua mashine yenye kompyuta nyingi, na kompyuta zina maoni yake.

Sasa kama unataka uhakika kwamba ni familia na urahisi vinavyouza, sio kasi, angalia makaburi. Miaka ile ya 2005 mpaka 2008 kila mtu alikuwa anatengeneza jeti ndogo. Diamond kule London, Ontario, Kanada, wao D-Jet yao iliruka 2006, miaka miwili kabla ya Cirrus, tena nzuri tu, wakabadilisha injini, wakabadilisha bei, wakaomba serikali iwakopeshe ikakataa, 2013 wakapunguza wafanyakazi mradi ukalala na haujaamka mpaka leo. Piper nao waliweka injini moja juu ya mkia, ikaruka 2008, shida ya injini kukaa juu namna ile ni kwamba ukiongeza nguvu inaisukuma pua chini, wakahangaika nayo na bomba la ujanja, wakaja kuichora upya ikaitwa Altaire, Oktoba 2011 wakaifuta na watu wakapoteza kazi. Eclipse wakaonyesha ya injini moja 2007, haikufika popote kwa sababu kampuni yenyewe iliyokuwa inatengeneza Eclipse 500 ya injini mbili ilifilisika Novemba 2008. Kabla yao wote walikuwepo VisionAire na Vantage yao, ya injini moja, iliruka 1996, kampuni ikafa 2003. Epic walikuwa na yao ikaitwa Victory, wakaachana nayo wakarudi kwenye taboprop, na wakafanikiwa huko.

Wote hawa hawakuwa wajinga. Wengi walikuwa wanauza ndoto ya jeti ya watu wote, bei ya chini, maelfu kwa mwaka, teksi za angani. Kisha uchumi ukaanguka 2008 na amana zikaisha. Cirrus nusura wafe na wao, jeti ililala miaka kadhaa, mpaka Wachina wa CAIGA walipoinunua kampuni 2011 ndio hela ikarudi, cheti kikapatikana Oktoba 2016, miaka karibu kumi baada ya kuitangaza, na hapo walikuwa bado na oda kama 600 mkononi. Jiulize, nani anaweka amana anasubiri karibu miaka kumi? Sio mtu wa kutafuta noti. Ni mtu wa SR22 ambaye tayari ni wa nyumba hiyo. Diamond na Piper nao walikuwa na wateja wa ndege ndogo, lakini hawakuwa na maelfu ya watu waliozoea kununua toleo jipya la ndege ileile kila miaka mitatu minne kama simu.

Jambo lingine la kimarekani kabisa nisilisahau, kodi. Ndege ikitumika kwa biashara zaidi ya nusu, sheria ya hapa inakuruhusu kuikata kwenye faida yako upesi sana. Kuanzia mwishoni mwa 2017 mpaka 2022 ilikuwa asilimia 100 mwaka wa kwanza, ikaanza kushuka, 80, 60, 40, halafu sheria ya Julai 2025 ikairudisha 100 kwa ndege zilizopatikana baada ya tarehe 19 Januari 2025. Ndio maana ukipita viwandani na kwa mawakala mwezi Desemba utakuta watu wanakimbizana kusaini kabla mwaka haujafungwa. Usinunue ndege kwa ajili ya kodi, na usinichukue mimi kama mhasibu wako, muone wa kwako kabla hujasaini chochote, lakini ukiacha hilo nje hutalielewa soko hili.

Tuje kwako sasa. Safari zako ni tatu: Houston, Atlanta, na mara moja moja Minneapolis kwa dada yako.

Dallas Houston ni maili 200 tu. SR22 yako kwa noti 170 ni saa moja na dakika kumi na kitu. Jeti itakupa dakika 45 mpaka 50. Umeokoa dakika 25, na zote utazirudisha ardhini ukisubiri kibali na ukitembeza jeti taratibu kwenye njia za uwanja huku inachoma mafuta. Hapo jeti haina kazi.

Atlanta ni maili kama 635. SR22 inachukua karibu masaa manne ukiwa unapigwa na joto na mawingu ya mchana ya Mississippi, jeti ni saa mbili na robo hivi na unapita juu ya mengi ya hayo (si yote, ngurumo za Texas na Alabama zinafika futi 45,000 na zaidi, zile unazunguka tu, hamna ndege ya mtu binafsi inayozibishia). Atlanta ndiyo safari ya jeti hii kabisa. Minneapolis maili 740, vilevile inafaa, mkiwa wanne.

Mkiwa wanne nimesema makusudi. Chukua kalamu. Uzito wa juu wa kupaa ni pauni 6,000, kama kilo 2,720. Ukiijaza mafuta full, galoni 296, unabakiwa na kama kilo 200 za watu na mizigo. Wewe na shemeji mmeshamaliza, watoto wabaki kwa bibi. Bila shaka huhitaji full kwenda Atlanta, unapunguza mafuta mnaingia wote wanne na mabegi bila shida. Ila zile picha za viti saba usiziamini kwa safari ndefu, ukiweka watu wazima sita na vibegi vyao unabakiwa na mafuta ya safari fupi tu ukiacha akiba ya heshima. Viti vya nyuma kabisa ni vya watoto, na watoto wanakua.

Mafuta hesabu galoni 60 mpaka 80 kwa saa kutegemea uko juu kiasi gani. SR22 yako inakula 15 au 16. Halafu kuna injini, kuifungua na kuirudisha ni mamia ya maelfu ya dola, ndio maana wengi wanaingia kwenye mpango wa Cirrus unaoitwa JetStream, unalipia matengenezo, injini na mafunzo kwa mkupuo, unajua gharama yako kabla mwaka haujaanza. Mafunzo yenyewe si hiari, sheria inataka rubani wa jeti apimwe kila miezi 12, hata kama umeruka kila siku. Mi naipenda sana hiyo sheria. Nadhani usalama mwingi unaosifiwa kwa ndege hii unatoka hapo, kwenye kurudi darasani kila mwaka, kuliko unavyotoka kwenye kile kitufe cha darini, ingawa kitufe ndicho kinachopigwa picha.

Kama mwaka mzima safari za Atlanta na Minneapolis ni kumi tu, na Houston ni sitini, jibu langu baki na SR22, au ibadilishe na ile SR22 yenye tabo (bado ni pistoni) inayopanda juu zaidi, na hizo safari kumi za mbali panda ndege ya abiria pale DFW, uwanja mkubwa wa Dallas, kama watu wengine, hautapungukiwa heshima. Kama Atlanta ni kila wiki, na unakwenda na mtu mmoja au wawili wa ofisini, jeti inaanza kuleta maana. Na kama ni kila wiki lakini mnakwenda watano na makaratasi na vifaa, basi usinunue jeti, tafuta TBM iliyotumika, ya miaka minane hadi kumi, bei yake inakaribiana na ya Vision Jet mpya na inabeba. Shemeji atalalamika kuhusu propela, hiyo ni kazi yako, mi simo.

La mwisho, nyumbani. Kuipeleka inawezekana, watu wanavusha ndege ndogo Atlantiki kila siku kupitia Goose Bay, Greenland na Iceland halafu wanashuka Ulaya na Misri. Swali ni ukifika. Wilson Nairobi iko futi 5,500 hivi juu ya bahari, Arusha futi 4,500 na kitu, mchana wa jua kali hewa ni nyembamba, injini inapata pumzi kidogo na bawa vilevile, ule urefu wa kupaa ulioandikwa kwenye brosha ni wa pwani na siku ya baridi, huku unautupa unaanza hesabu upya. Viwanja vya Serengeti na Mara vingi ni vya murramu na majani, na pale taboprop kama Caravan na PC-12 zenye matairi manene ndio wenyeji, AMREF Flying Doctors wenyewe wanaruka na PC-12 kutoka Wilson, na wale hawachagui ndege kwa urembo. Ukitaka jeti ya murramu Pilatus wanayo, PC-24, ila hiyo ina injini mbili na bei yake tusiongelee hapa. Faida moja tabaini zote zinayo kule, jeti na taboprop, ni mafuta, Jet A-1 utaipata kila uwanja wa maana wakati petroli ya SR22 yako utaitafuta kwa simu siku tatu kabla. Kwahiyo kwa nyumbani, kama ni kutoka Dar kwenda Nairobi na Entebbe kwenye lami tupu, itakufaa. Kama moyoni unafikiria kutua shambani kwa wazazi na kupeleka wageni mbugani, achana nayo, na kabla ya yote uliza nani huko atakayekufungulia hiyo injini ikigoma, na vipuri vitakaa forodhani muda gani.

Fanya hivi kaka. Chukua logibuku yako ya miezi 12 iliyopita, andika kila safari, umbali, mlikuwa wangapi, na mara ngapi uliahirisha kwa sababu ya hali ya hewa. Pembeni muandikie shemeji safari alizokataa kupanda na sababu yake. Nitumie zote mbili, na hiyo ya pili ndiyo ntaisoma kwanza.